Pumzi za Kipaza

Kama uliwahi kusafiri kupitia stendi kuu ya mji ule enzi za Kipaza, sauti yake unaikumbuka hata kama uso wake hukuwahi kuuona. Ilikuwa sauti nene kidogo, yenye mikwaruzo kwa mbali, na ilikuwa na tabia ya kuchekea mwishoni mwa sentensi kana kwamba inajua jambo ambalo abiria bado hajaambiwa. Mwenyewe alikaa kwenye kibanda cha vioo juu ya ofisi ya tiketi, kikombe cha chai kando, akitangaza mabasi yanayoingia na yanayotoka, mizigo iliyosahauliwa na watoto waliopotea. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Watu wote, hata mumewe, walimwita Kipaza.

Kazi hiyo hakuiomba. Aliingia stendi akiwa mfagiaji, msichana mbichi mwenye mdogo wake wa kiume wa kulea, maana wazazi walikuwa wameshafariki. Siku moja mtangazaji wa zamani alitoka kwenda kunywa chai, akakawia huko. Huku nyuma basi likaanza kuondoka na mtoto mchanga ndani, mama yake akiwa bado chooni. Kipaza akatupa ufagio, akapanda ngazi mbili mbili, akashika kipaza sauti.

“Dereva wa shati la kijani, simama,” stendi nzima ikamsikia. “Umeondoka na mtoto wa watu, na kwa sura yako huwezi kumnyonyesha.”

Basi likafunga breki getini. Meneja alikuja mbio kumkaripia, akajikuta anafuta machozi ya kucheka. Kesho yake ufagio akapewa mtu mwingine.

Mdogo wake alikulia kwenye benchi lililokuwa chini ya kibanda hicho. Alifanyia hapo kazi zake za shule, akalala hapo mabasi yakichelewa, na hapo hapo akaupenda ufundi, siku bomba la vyoo vya abiria lilipopasuka na yeye akashinda akimtazama fundi akilitengeneza. Alipokua akawa fundi bomba, tena wa kutegemewa, na watu wakamwita Fundi tu. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kipaza alipenda kusema kwamba siku maneno yalipogawiwa nyumbani kwao yeye aliwahi foleni akazoa yote, mdogo wake akakuta zimebaki nukta.

Miaka ikaenda. Kipaza akaolewa na mchora mabango, mtu mtaratibu aliyecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Hawakujaliwa watoto, na wala hawakulifanya hilo kuwa msiba. Fundi akafika miaka arobaini na ushee akiwa hajaoa, na dada yake akaona heri jambo hilo alipeleke kwa umma.

“Abiria wa kike mnaosubiri basi la saa nane,” alitangaza mchana mmoja, “hivyo vyoo mnavyovisifu vimetengenezwa na fundi mwenye meno yote na tabia njema, na bado hajaoa. Yupo mlango wa pili hapo, anajifanya hanisikii.”

Fundi alikuwa chini ya sinki wakati huo. Akakaa huko huko mpaka basi la saa nane lilipoondoka.

Kilichomtesa zaidi si abiria, ni mtu mmoja. Chini ya spika, karibu na mlango wa kuingilia, alikaa mwanamke mjane aliyetengeneza mabegi. Begi likitatuka, likikatika mpini au kung'oka magurudumu, lilipelekwa kwake, na kwa kuwa kazi iliyozidi zote ilikuwa ya zipu, watu wakamwita Mama Zipu. Kipaza alikuwa amezoea kumwita “wifi” bila sababu yoyote. Mama Zipu hakuinua hata macho, sindano ikiwa midomoni, akamjibu kwamba wifi bila harusi ni kama begi bila mpini, halibebeki. Fundi akisikia hayo masikio yalimwaka moto. Moyo wake alikuwa anaujua vizuri. Kilichokuwa hakipatikani ni neno la kuanzia.

Ugonjwa ulianza na uvimbe kwenye titi. Kipaza akafanyiwa upasuaji, akachomwa dawa zilizomnyonyoa nywele, akarudi kazini na kitambaa kichwani. Akawatangazia abiria kwamba mtangazaji wao amefika salama ila nywele zimekosa nafasi, zinakuja na basi la kesho. Zikaja kweli, zikaota nyeupe, na kwa muda mrefu mambo yakawa mazuri. Kisha kikaja kikohozi. Ngazi za kibanda, zile alizokuwa akizipanda mbili mbili, zikaanza kumtaka apumzike katikati. Vipimo vilipotoka, daktari akamwita yeye, mumewe na Fundi.

Daktari akaanza kuzunguka kwa maneno marefu. Kipaza akamgusa mkono, akamwomba amwambie kama yeye anavyowaambia abiria: basi lipo au halipo. Daktari akasema la kumponya halipo tena. Saratani imeingia kwenye mapafu na ini, na dawa zimefika mwisho wa uwezo wake. Lakini kumtunza hawataacha, watamfuata mpaka nyumbani. Kipaza akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akauliza kama humo njiani anaruhusiwa chai.

Basi kitanda kikahamishiwa sebuleni, kando ya dirisha la barabarani, ili aone watu. Muuguzi wa wagonjwa wa nyumbani akawa anakuja kwa pikipiki, binti mwembamba mwenye kofia kubwa ya kuendeshea iliyomfanya Kipaza amwite Bwana Chungu. Mama Zipu akawa anapita kila jioni akitoka kazini. Wazee wa usukani walikuja na stori za barabarani, na nyumba ikawa haikosi kicheko. Mara nyingi Fundi alisimama mlangoni na boksi lake la vifaa mkononi, akijiuliza kama hii ndiyo nyumba ya mgonjwa au amekosea mlango.

Halafu chakula kikaanza kumshinda Kipaza, na baada ya chakula, maji. Alikunywa vijiko viwili vitatu, akageuza uso. Muuguzi alishawaeleza mapema kwamba hilo litakuja, kwamba mwili unaofika mwisho wa safari hupunguza mzigo wenyewe, na wasimlazimishe. Mchora mabango alielewa. Fundi alisikia kwa masikio, moyo ukakataa. Yeye alikuwa mtu wa maji. Kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha maji yanafika yanapotakiwa, sasa atakaaje kumtazama dada yake akikauka kama mmea uliosahauliwa barazani?

Bila kumwambia muuguzi, akaenda kwenye zahanati ya mtaa wa pili, akamleta bwana mmoja mwenye koti jeupe na chupa za dripu. Mchora mabango akasitasita, lakini hakuwa na moyo wa kubishana na shemeji yake katika hali ile. Dripu ikatundikwa kwenye fimbo ya pazia. Fundi akavuta kiti, akakaa akiyatazama matone yakishuka, tone moja baada ya jingine, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akahisi kuna kitu anakifanya. Chupa ilipokwisha ikatundikwa nyingine, na nyingine tena.

Siku zilizofuata Kipaza hakupata nafuu. Miguu ikavimba mpaka vidole vikabanana. Uso ukajaa. Kifua kikaanza kutoa sauti ya majimaji kila alipovuta pumzi, na akawa hawezi kulala chali wala kukaa vizuri, anahangaika kutafuta hewa kama mtu anayepanda kilima kisicho na kilele. Maneno yakamwisha. Yeye, Kipaza, akawa anajibu kwa vidole.

Mama Zipu alipokuja jioni ile alisimama kidogo kando ya kitanda, akamfuta jasho, kisha akamwashiria Fundi watoke nje. Wakasimama kwenye bomba la uani.

“Nakuuliza kitu, usinikasirikie,” akasema. “Hiyo dripu unamtundikia dada yako, au unajitundikia wewe?”

Fundi akakasirika. Akafungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu, akalifunga, akaingia ndani. Lakini lile swali halikubaki nje. Liliingia naye. Akakaa kwenye kiti chake, akaitazama chupa, akautazama mguu wa dada yake ulivyotuna, na kabla giza halijaingia akatoka mwenyewe kumpigia simu muuguzi.

Muuguzi akafika na kofia yake, akasikiliza kifua, akabonyeza mguu. Kidole chake kiliacha shimo lililochelewa kujaa. Hakumlaumu mtu. Akaifunga dripu, akatoka kidogo kuongea na daktari kwa simu, kisha akarudi akavuta kiti karibu na cha Fundi.

“Sista,” Fundi akamwahi, “ukiitoa hiyo, si atakufa na kiu?”

“Hapana, kaka yangu. Ningekuwa naona anakufa na kiu ningeitundika mimi mwenyewe. Wapo wagonjwa inaowafaa. Mtu anatapika lakini bado ana nguvu, huyo tunamwekea na anaamka. Dada yako hayuko huko tena. Moyo umechoka, figo zimechoka, damu yake haiwezi tena kuyashika haya maji. Yanavuja, yanaingia miguuni, yanaingia kwenye mapafu. Hiyo sauti unayoisikia ndiyo hiyo.”

Fundi akaitazama ile dripu iliyofungwa. Akakumbuka mvua kubwa za mwaka fulani, shimo la maji machafu la stendi lilipoziba kwenye bomba la kutokea, na watu wakaendelea kufungua mabomba ndani mpaka maji yakaanza kupanda juu kwenye sakafu.

“Njia ya kutokea imeziba,” akasema taratibu, “na mimi nazidi kufungua.”

“Ulikuwa unampenda,” muuguzi akasema. “Hata kupenda kuna wakati kunakosea njia. Kiu aliyonayo iko mdomoni, na mdomo tunaweza kuutunza vizuri sana. Hiyo kazi naomba uifanye wewe.”

Usiku haujawa mwingi, chumba kilikuwa kimebadilika. Kipaza alikalishwa ameinuka, mito mitatu mgongoni na meza ndogo mbele yake yenye mto wa kuegemea, mikono ikipumzika juu yake ili kifua kipanuke. Dirisha likafunguliwa wazi. Watu waliokuwa wamejazana wakaombwa wakae uani. Feni ya mezani ikageuzwa impulize usoni, kwenye mashavu na puani, kwa sababu, muuguzi alisema, upepo ukigusa pale ubongo hudanganyika vizuri, ukaona hewa ni tele. Akampa dawa ya kuyatoa mwilini yale maji yaliyozidi, na juu yake matone machache ya morfini.

Fundi aliposikia morfini alishtuka. Alikuwa amesikia kwamba dawa hiyo wakikupa ndiyo wamekuaga. Muuguzi akamweleza kwamba kwa kipimo kidogo kama hiki kazi yake ni kutuliza ile hofu ya kukosa hewa, kama kengele ya hatari iliyogoma kunyamaza, mtu akapanda ngazi akaizima. Hakuna anayeagwa, akasema. Anayekaa hapa tunataka akae kwa raha.

Kipaza alilala akiwa ameegemea mto wa mezani. Haikuwa mara moja, wala miguu haikunywea kwa siku ile, lakini pumzi zikapungua haraka yake, zikapata mpangilio. Asubuhi ya pili yake Fundi alimkuta macho yako wazi, yanamtazama kwa ule utundu wa zamani. Dada yake akamwita kwa kidole asogee.

“Mdogo wangu,” akasema. Akavuta pumzi. “Uliniona mimi tangi?”

Mchora mabango, aliyekuwa anakoroga uji jikoni, mabega yakaanza kumtikisika. Fundi akataka kucheka, badala yake kikamtoka kilio, kilio cha mtu mzima asiyekizoea. Kipaza akamwekea mkono kichwani.

“Usilie,” akamwambia. Akavuta pumzi. “Tumeambiwa humu ndani… maji yapungue.”

Basi hapo wote watatu wakacheka mpaka uji ukaungua.

Kuanzia siku hiyo Fundi akaikamata kazi yake. Alivunja barafu kwa kuifunga kwenye kitambaa safi na kuigonga na mpini wa spana, akamwekea dada yake chembe moja ulimini. Alilowesha kisponji kwa maji baridi, wakati mwingine kwa chai ya rangi aipendayo, akampangusa fizi na ulimi, akamalizia kwa kumpaka midomo mafuta. Kipaza akikataa, anaacha. Akitaka funda la maji, anampa funda, si zaidi. Muuguzi alimwambia kwamba hajaona mdomo wa mgonjwa uliotunzwa hivyo. Kipaza akasema si ajabu, huyo amezoea kusafisha mifereji.

Kwa kuwa pumzi zilikuwa haba, Kipaza alianza kuchagua maneno, na kwa kuwa Kipaza alinyamaza, Fundi akaanza kuongea. Halikuwa jambo alilolipanga. Akiwa na kisponji mkononi alijikuta anamsimulia dada yake habari za kazini: mama aliyemwita kwa haraka kwamba bomba linalia usiku, kumbe ni paka amenasa, tajiri aliyejenga bafu zuri akasahau kuliwekea njia ya maji kutoka. Kipaza alisikiliza macho yakiwa yamefumba, akitabasamu, feni ikimpeperusha nywele zake nyeupe. Alasiri moja masimulizi yakaishia kwa Mama Zipu. Fundi akaeleza jinsi lile swali la uani lilivyomchoma, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia ukweli mzito hivyo kwa sauti ndogo hivyo. Akaeleza kwamba ni miaka sasa. Akaeleza mengi.

Kipaza akafumbua jicho moja.

“Unaniambia mimi,” akapumua, “ili iweje? Mwenyewe… yuko jikoni.”

Na kweli alikuwa jikoni, anaosha vikombe. Fundi alisimama, akavuta shati, akaenda. Mchora mabango aliyekuwa ameegemea mlango wa uani alishuhudia yote, na ndiye aliyeyasimulia baadaye, kwa hiyo yanaaminika. Anasema shemeji yake alisimama katikati ya jiko kama nguzo, akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena.

“Nyumba yangu haivuji,” akasema.

Mama Zipu akaweka kikombe chini, akajifuta mikono polepole.

“Najua,” akajibu. “Miaka yote nangoja useme neno, hata moja tu. Umekwenda ukachagua hilo.”

“Naweza kutafuta jingine.”

“Acha tu, hilo linatosha. Usije ukaliharibu.”

Hawakuwa na muda wa kupoteza na kila mtu alilijua hilo bila kulitamka. Msajili wa ndoa alikuwa abiria wa zamani wa stendi, aliyewahi kutangaziwa mbele ya umma kwamba amesahau viatu kwenye basi. Akakubali kuja nyumbani. Mchora mabango akachora bango jekundu na jeupe, herufi kubwa kama za duka, akalitundika mlangoni. Mama Zipu akalifumua gauni la kijani la Kipaza ubavuni, akalitia zipu ndefu ili limfae na tumbo lilivyojaa, na bwana harusi akatumwa kununua vitu ambavyo havikuhitajika ili asiwe njiani.

Kipaza aliuliza jambo moja tu, kama atapata pumzi ya kukaa kitini. Muuguzi, aliyekuja siku yake ya mapumziko akiwa amevaa sketi yenye maua na ile ile kofia, akampa matone kabla ya wageni kuingia, akamkalisha kwenye kiti chenye mikono na feni mbele yake. Hakuna mpira wa dripu uliomfunga, hakuna chupa juu ya kichwa chake. Mikono yake miwili ilikuwa huru, naye akaitumia kumshika wifi yake.

Sebule ilijaa mpaka dirishani. Madereva walikuwepo, makondakta walikuwepo, na wauza tiketi pia. Msajili alisoma yake, maharusi wakaitikia, Fundi kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Kisha wote wakamgeukia Kipaza. Akainua kidole, akangoja kimya kitimie kama alivyokuwa akingoja kwenye kibanda chake.

“Abiria aliyechelewa,” akasema, akavuta pumzi, “kuliko wote,” akavuta nyingine, “amefika.” Feni ikazunguka. “Dereva, funga mlango. Ondoka.”

Waliocheka walicheka na waliolia walilia, wengi walifanya vyote viwili kwa pamoja. Nje basi moja likapiga honi ndefu, na nyingine zikaitikia, mpaka mtaa mzima ukatoka kuona kuna nini. Muziki ukawashwa, na mchora mabango akakichezesha kile kiti cha mkewe taratibu, akikiyumbisha huku na huku, naye Kipaza akapunga mikono kwa mdundo mpaka kikohozi kikamkamata. Muuguzi akamsogezea mto, akampangusa, na kilipotulia Kipaza akataka muziki uendelee. Fundi alimtazama dada yake kutoka upande wa pili wa chumba. Alikuwa amechoka, uso umemnyauka, na furaha imemjaa mpaka haina pa kukaa. Akajua kwamba kama ingekuwa bado zile chupa zinadondosha maji, siku hii asingeipata.

Baada ya harusi alilala zaidi, akaamka kidogo kidogo. Muuguzi aliwaketisha akawaeleza yanayokuja: kwamba pumzi zitaanza kuachana, zitasimama na kuanza tena, na huenda koo likakoroma kwa mate asiyoweza kumeza. Sauti hiyo itawatisha wao kuliko inavyomsumbua yeye. Wamlaze kwa ubavu, wampanguse, waongee naye. Fundi akauliza maswali yote, hata yale ya kuogofya, na kila jibu likamwondolea jiwe moja kifuani.

Ikaja asubuhi yenye jua laini, madirisha wazi, watoto wa shule wanapita. Mchora mabango alikuwa ameinama kumwekea mkewe shuka sawa. Kipaza akafumbua macho.

“Sogea,” akamwambia. “Unanizibia upepo.”

Akasogea. Upepo wa feni ukamfikia usoni, Kipaza akafumba macho kwa raha, na hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho, wala hayakuwa mabaya. Pumzi zikaanza kuachana kama walivyoambiwa. Mumewe alimshika mkono mmoja, Mama Zipu akamshika mwingine, na Fundi akamlowesha midomo na kisponji, akimsimulia bila kukatiza habari za bafu jipya analolijenga. Kati ya sentensi moja na nyingine akagundua kwamba pumzi iliyosimama haikuanza tena. Akaimalizia ile sentensi. Kisha akambusu dada yake kwenye paji la uso, na muda mrefu hakuna aliyeizima ile feni.

Walimzika kwa majonzi, kwa sababu kufiwa ni kufiwa hata mtu akiondoka vizuri. Lakini madereva walipokaa uani na kuanza kusimuliana matangazo yake, kicheko kilipanda juu ya ukuta, na hakuna aliyewakataza. Fundi alilia siku ile na siku nyingine pia. Alipotafuta moyoni lile jiwe la kujilaumu alilotegemea kulikuta, hakulikuta.

Fundi na Mama Zipu wakamwomba mchora mabango ahamie kwao. Akakataa, akasema hataki kuwa mzigo kwa maharusi. Basi akawa anakuja kula kwao kila jioni, akikaa mpaka amechoka, mpaka Mama Zipu akamwambia kwamba shemeji anayelala kwake na kuishi kwao anajichosha miguu bure, afungashe. Akafungasha. Jambo la kwanza alilofanya baada ya kuhamia, wenyewe wakiwa kazini, ni kupaka mlango wa mbele rangi ya manjano bila kumuuliza mtu, na kwa furaha yake akaufunga kwa nje ukiwa mbichi.

Waliporudi jioni mlango ulikuwa umegandana na fremu, haufunguki. Fundi alitaka kuusukuma kwa bega, mchora mabango akamsihi asiiharibu kazi, Mama Zipu akawatazama wote wawili kama mabegi yasiyotengenezeka. Mwisho wake wakakaa barazani, watatu kwenye ngazi, wakimenya machungwa aliyokuwa amebeba Mama Zipu, wakibishana kama manjano ile ni ya limau au ya yai. Jirani aliyepita akawauliza kwa nini wamefungiwa nje ya nyumba yao. Walipoanza kumweleza walicheka sana, hata habari yenyewe hakuipata.